Aliyesubiri Maji Yapwe

Historia ya Kilwa inaanza na mtu anayesubiri. Katika tarikh ya mji huo, ambayo Mreno João de Barros aliichapa kwa namna yake mwaka 1552 na ambayo nakala yake ya Kiarabu ya mwaka 1877 iko London, inasimuliwa kwamba Ali bin Hasan alifika kwa chombo kutoka Shiraz akakikuta kisiwa kina mwenyewe. Alikuwa mtu asiye Mwislamu. Ali akataka kukinunua, na bei waliyokubaliana ilikuwa nguo za kutosha kukizungushia kisiwa chote. Mwenye kisiwa akachukua nguo zake, akavuka kwenda bara kwa miguu, maana enzi hizo maji yakipwa mtu alipita. Moyoni alikuwa na lake: arudi na watu, amuue mnunuzi, kisiwa kirudi mikononi mwake na nguo abaki nazo. Habari zikavuja. Waliobaki kisiwani wakachimba mkondo, bahari ikaingia, ikakaa. Siku chache baadaye yule bwana alifika pale alipozoea kuvukia, akaona maji yamejaa, akangoja yapwe kama kawaida. Hayakupwa. Akarudi kwao na majuto yake, na tarikh ikaachana naye hapo, ikaendelea na orodha ya masultani.

Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi, na kila mara macho yangu hubaki kwa huyu bwana wa ukingoni. Tarikh haimtaji kwa namna ya kumkumbuka. Masimulizi ya mdomo ya pwani ndiyo yanayomwita Mrimba. Haisemi alisubiri kwa muda gani, wala alikaa juu ya nini, wala kama kuna mtu aliyekuwa naye. Mwandishi ana haraka. Lakini kwa maoni yangu mistari hiyo michache ndiyo iliyoweka mpangilio ambao maandishi karibu yote juu ya Kilwa yameufuata hadi leo: kisiwa kina historia, bara lina watu wanaosubiri. Nilikwenda Kilwa Julai iliyopita nikiwa nimekihifadhi kifungu hicho kwenye simu. Nilitaka kukisoma nikiwa ng'ambo ya mkondo wenyewe, nikiwa upande wa huyo bwana.

Na bara langu ni bara kweli. Lipangalala iko Ifakara, kwenye bonde la Kilombero, mahali ambapo ukitaja bandari mzee ataelewa unazungumzia kivuko: mitumbwi, kisha pantoni, kisha foleni ya malori ya mpunga yakisubiri pantoni. Tumesubiri maji sisi, tena sana, ila kwetu shida ni yanapojaa. Lumemo ukifurika, bahari inakuja sebuleni bila kualikwa. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018, na tangu hapo watoto wadogo wa Ifakara wanakua bila kujua maana ya kulala ng'ambo kwa sababu mto umekataa.

Mto huo hauishii kwetu. Kilombero unakutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguli, na hapo ndipo unapoanza kuitwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka kwenye bonde letu. Yanapita kwenye bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115, kisha yanatawanyika kwenye delta ya mikoko inayotazamana na kisiwa cha Mafia. Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa linavuka maji hayo hayo kwenye Daraja la Mkapa, mita 970, la mwaka 2003. Nilipokuwa darajani niliona jambo ambalo lingemfurahisha mwandishi wa tarikh: Magufuli juu, Nyerere katikati, Mkapa chini. Mto wetu nao umekuwa orodha ya watawala.

Kuhusu safari yenyewe sina mengi. Mikumi, Morogoro, Dar, Nangurukuru, Masoko, mgongo unauma. Ufukwe wa Jimbizi ni mzuri kama picha zinavyosema, na picha ziko nyingi, basi tuziachie kazi hiyo. Kibali cha kuingia kwenye magofu kinalipiwa Masoko, kisha unapanda mashua, na mwongozaji anakuwa nawe. Wetu alikuwa mzee wa Kisiwani mwenye kofia iliyofifia. Tulipokwisha kuamkiana aliniuliza nimetoka wapi.

“Ifakara, mzee.”

“Ifakara ya mchele?”

“Hiyo hiyo.”

“Leo mchele umekuja wenyewe,” akasema, na mashua nzima ikacheka.

Unatua karibu na Gereza, ngome ambayo Wareno waliijenga mwaka 1505 na ambayo tunayoiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Kutoka hapo ni hatua chache hadi Msikiti Mkuu. Nimeuona kwenye vitabu vya shule, ukiwa na ukubwa wa stempu ya posta, chini ya kichwa cha habari kuhusu sababu za kukua kwa miji ya pwani: pepo za msimu, bandari zenye kina, dhahabu ya Sofala, na kadhalika, tukariri. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba ndani yake kuna baridi. Nguzo na matao ya matumbawe yanakatiana mwanga, na kuba zilizobaki zina rangi ya mfupa. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi. Upanuzi mkubwa wa kusini ulifanywa katika karne ya 14, enzi ya sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sultani huyo aligonga sarafu za shaba zenye maneno yanayofuatana kwa vina upande huu na upande ule, yaani mtu alilipa samaki kwa beti. Moja ya sarafu zake ilipatikana Zimbabwe Kuu. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia na askari aliyekuwa akilinda rada, na wataalamu bado wanabishana zilifikaje huko.

Kitu kilichonishika zaidi, hata hivyo, hakikuwa kuba. Kilikuwa upana wa vyumba. Katika majumba yote ya mawe ya Kilwa, hata kwenye Husuni Kubwa, ikulu ya al-Hasan yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane juu ya jabali, vyumba ni virefu lakini vyembamba. Unanyoosha mikono na karibu uguse kuta zote mbili. Sababu yake ni boriti. Dari ya mawe na chokaa ilikaa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Tajiri awe na dhahabu kiasi gani, chumba chake hakiwezi kuupita mti. Mikoko mikubwa kuliko yote ya pwani hii iko kwenye delta ya Rufiji, siku moja au mbili kwa upepo mzuri, inaota kwenye tope ambalo mto umelibeba kutoka juu. Nilisimama kwenye chumba cha sultani nikapima kwa hatua. Tatu na kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma habari za Kilwa niliona bara ndani ya nyumba, tena likiwa limeshika kipimo.

Maandishi hayaoni hivyo. Chukua Ibn Battuta, shahidi ambaye kila kijitabu cha watalii kinamwita. Alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Sifa hiyo inanukuliwa kila mahali. Kinachoachwa ni kisa anachokisimulia baada ya sifa. Sultani, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, anatoka msikitini siku ya Ijumaa. Fakiri kutoka Yemen anamzuia njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani anaingia ndani, anavua, anampa. Mwanawe anazitaka zile nguo kwa heshima ya baba, anazichukua kwa fakiri na kumpa watumwa 10 badala yake. Sultani akisikia watu wanavyoshukuru, anaamuru fakiri aongezewe watumwa 10 wengine na mizigo 2 ya pembe za ndovu.

Kama kisa cha ukarimu, kimetungwa vizuri. Kina mshangao, kina kilele, kina mtu mkubwa anayerudi nyumbani bila joho lake. Lakini kisome pamoja na tarikh uone kinachojirudia. Kule, kisiwa kinabadilishwa kwa nguo. Hapa, nguo zinabadilishwa kwa watu. Ibn Battuta anatuambia pia watu hao walitoka wapi: sultani alikuwa na desturi ya kufanya uvamizi katika nchi ya Wazanji, akateka na kugawa mateka. Nchi hiyo haina mji, haina mto, haina mtu mmoja mwenye sura. Ni ghala. Msafiri huyu ambaye anaweza kutueleza chakula cha Mogadishu sahani kwa sahani, pamoja na achari ya ndimu na maembe, haulizi hata mara moja watumwa 20 waliotolewa Ijumaa ile waliitwa nani. Sidai alipaswa kuwa na maadili ya leo. Nadai kwamba ni mwandishi mwenye jicho, na jicho lake lilifumba mahali maalumu, na sisi tunaomnukuu tumelifumba palepale.

Baada ya yeye, mtu wa bara anarudi kwenye maandishi akiwa jinamizi. Mtawa Mdominika João dos Santos, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1609, anasimulia jinsi Wazimba walivyofika mbele ya Kilwa mwaka 1587 wakakaa ng'ambo kwa miezi, hawawezi kuvuka. Mpaka mkazi mmoja wa kisiwa, kwa tamaa, akawaonyesha kivuko cha miguu usiku maji yalipopwa. Waliingia, wakaua, na kwa maneno ya mtawa wakala watu, 3,000 anasema. Msaliti naye akatupwa baharini na jamaa zake. Wanahistoria wana maswali mengi juu ya hao Wazimba na hamu yao ya nyama. Mimi nina swali la msomaji tu. Je, hiki si kile kifungu cha mwanzo kilichogeuzwa nje ndani? Mtu wa bara ukingoni, mkondo, kusubiri. Safari hii maji yanapwa, na kinachovuka ni kila kitu ambacho kisiwa kilikuwa kimekiogopa tangu ukurasa wa kwanza. Dos Santos hakuhitaji kuisoma tarikh. Hofu ya aina hiyo haihitaji nakala.

Tukiwa tunarudi kutoka Husuni Kubwa, njia inapita kando ya mikoko na nyumba za watu, maana Kisiwani wanaishi watu, jambo ambalo picha za dron huwa zinalikwepa kwa ustadi. Nilimwuliza mzee kuhusu yule aliyesubiri maji. Hakushangaa swali.

“Yule alikuwa mkwe,” akasema.

“Mkwe wa nani, mzee?”

“Wa huyo Mshirazi. Alimwoza binti yake. Sasa mwanangu, wewe na mkwe wako mtakaa kisiwa kimoja? Mnaonana kisimani asubuhi na jioni? Akampisha. Sisi tunasimulia hivyo.”

Kisha akaniambia niangalie mguu wangu, kuna mwiba.

Kesho yake nilikwenda Kivinje. Kila anayeandika juu ya Kilwa hukimbilia Kisiwani na kuiacha Kivinje kwenye aya ya mwisho, na mimi naona hilo ni kosa la kihakiki kabla halijawa la utalii. Kisiwani ni bandari iliyokwisha kufa zamani, inavumilika. Kivinje ni bandari ya karne ya 19: boma la Wajerumani lenye ghorofa linalobomoka, milango ya kuchongwa, mashua zimelala ubavu kwenye tope, soko la samaki linalonuka kama masoko ya samaki yote. Ndipo misafara kutoka ziwa Nyasa ilipoishia, pembe na watu, mpaka mkataba wa mwaka 1873 ulipofunga masoko ya watumwa, na kwa njia za pembeni hata baada ya hapo. Watu waliofika hapa kutoka bara hawakusubiri maji yapwe ili wavuke. Walisubiri yajae ili wapakiwe.

Kuna kumbukumbu ya Wajerumani wawili wa kampuni ya kikoloni waliouawa mwaka 1888, Krieger na Hessel. Majina yao tunayo. Nje kidogo ya mji kuna mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895, na baada yake wengine wengi wakati wa Maji Maji. Kijana aliyenipeleka huko kwa bodaboda alidhani jina linatokana na kinyonga, mdudu yule wa kubadili rangi, na alikuwa na maelezo marefu kuhusu hilo. Lugha imemficha mnyongaji ndani ya mnyama mdogo asiye na haraka. Sikumsahihisha, nadhani watu walioipa mahali hapo jina walijua wanachofanya.

Na hapa ndipo bara linapopata, kwa mara ya kwanza, maandishi makubwa ya kulitetea, nayo ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, ya mwaka 1969. Wengi wetu tuliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, tukaorodhesha dhamira, tukaisahau. Nimeirudia nikiwa Kivinje, kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, na nimeona kitu ambacho orodha ya dhamira haikuwa nacho nafasi. Kihistoria tunajua kwamba vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Na kwamba maji yake yalipanda bara kwa kasi ambayo Wajerumani hawakuitarajia, hadi kwetu. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge, juu ya mlima unaoonekana kutoka bondeni, wakakatwa na bombomu. Baada ya vita ikaja njaa. Wazee wa bonde huihesabu njaa kabla ya vita.

Hussein anajua hayo yote, na anaonya mwenyewe kwamba Kinjeketile wake ni wa sanaa na si wa historia. Lakini tazama anachokifanya kwa maji. Kinjeketile anaingia mtoni, anakaa na mzimu Hongo, anatoka akiwa na dawa ya kuwaunganisha watu. Anatoka pia na maneno ambayo baadaye yanamtesa: kwamba wakishamshinda Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani sultani wa Zanzibar. Kila nikifika hapo nashtuka upya. Mto umetoka bara, vita ni ya bara, wanaokufa ni watu wa bara, lakini mzimu wenyewe, ukifunguliwa kinywa, unazungumza habari za sultani wa kisiwani. Baadhi ya wahakiki wanaliona hilo kama dosari ya unabii ambayo mhusika anapaswa kuitambua, na kweli anaitambua. Mimi naliona kuwa ndilo jambo la kijasiri kuliko yote katika tamthilia hiyo. Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, alikuwa na ujasiri wa kuonyesha kwamba tarikh ilikuwa imeshaingia mtoni. Miaka mia kadhaa ya kuambiwa kwamba historia inakaa ng'ambo ya mkondo haiondoki kwa sababu umeshika mkuki. Unaweza kumkataa Mjerumani ukiwa bado unasubiri maji yapwe ili ukatawaliwe vizuri zaidi.

Niliambiwa na rafiki, tuliyesoma naye na ambaye ni mtu wa Tanga, kwamba nalikuza suala hili. Kwamba siku hizi hakuna bara wala pwani, sote ni Waswahili. Labda. Huyo huyo ananiita “wa kuja” tukitaniana. Ninachosema hakimhusu yeye wala utani. Kinahusu vitabu tunavyovirithi, na kwamba ukisoma kwa makini unaona tumevisoma kwa sauti ya mmoja tu kati ya watu wawili waliokuwepo siku ya mauzo.

Wachimbaji wa kale nao wamekuwa na hadithi yao. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974, alifanya kazi ambayo hakuna anayeweza kuikwepa. Alionyesha kwamba chini ya mawe kuna makazi ya karne ya 9 hivi, nyumba za miti na udongo, wavuvi na wafua chuma, kabla ya sultani yeyote. Lakini kichwa cha kitabu chake kinaiita Kilwa mji wa kibiashara wa Kiislamu, na jicho lake lilivutwa na mawe. Mtanzania Felix Chami alichukua mwelekeo mwingine, akafuata vyungu vya wakulima wa zama za chuma kutoka bara hadi pwani na hadi delta ya Rufiji, akabisha kwamba waliojenga msingi wa miji hii hawakushuka kutoka kwenye chombo. Kisha kuanzia mwaka 2009 Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher wakachimba Songo Mnara, kisiwa cha jirani, na badala ya kukimbilia majumba wakaenda kwenye uwazi kati ya majumba, mahali palipoonekana patupu. Hapakuwa patupu. Palikuwa na nyumba za udongo.

Songo Mnara ilikuwa safari yangu ya mwisho. Unatembea kwenye maji ya magoti kupita mikoko, viatu mkononi, kaa wakikimbia mbele yako. Kuta zake zimesimama kuliko za Kisiwani, na hakuna kelele. Nilikwenda moja kwa moja kwenye uwazi. Ni nyasi tu, hakuna cha kupiga picha. Nilifikiria utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2023 katika jarida la *Nature*, wa watu 80, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Ulionyesha kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi kulikuwa na mchanganyiko wa kweli wa watu waliotoka upande wa Uajemi na watu wa hapa, na kwamba katika wengi wao asili ya Uajemi ilipitia kwa wanaume, ya Afrika karibu yote kwa wanawake. Watu walipoisoma habari hiyo mitandaoni waligawanyika papo hapo: hawa wakishangilia kwamba Washirazi walikuwepo, wale wakishangilia kwamba Waafrika walikuwa wengi. Sikuona aliyemtaja binti.

Mzee wa Kisiwani alimtaja bila maabara. Alimwoza binti yake. Tarikh ya masultani haina nafasi naye kabisa. Ya mdomo inampa sentensi moja, naye ndani ya sentensi hiyo hafanyi lolote, anaozwa. Lakini fikiria hesabu ya siku ile. Baba yuko ukingoni upande wa bara, anatazama maji. Mkondo umechimbwa. Binti yuko upande wa pili. Yeye hakusubiri kitu, maana hakuondoka. Lugha aliyowasemesha watoto wake ni hii ninayoandikia, ya Kibantu kwenye mifupa, na wala hakuipata kwa Mshirazi. Udongo wa nyumba za hapa kwenye uwazi ulikandwa kwa mikono kama yake. Tukiendelea kuisoma Kilwa kwa macho ya baba peke yake, kwa majuto yake, tutaendelea kuandika insha za manung'uniko ya bara, ambazo tumeshakuwa nazo za kutosha, na nyingi si nzuri.

Na kuna ile nguo. Tarikh inataka tuamini kwamba nguo ilikuja na chombo, kwamba watu wa kisiwa waliitolea macho kiasi cha kuuza ardhi chini ya miguu yao. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa kwenye msafara wa Francisco de Almeida ulioteka mji mwaka 1505, aliandika kwamba kisiwani Kilwa kuna pamba nyingi, nzuri, na inastawi vizuri. Chittick alikuta kwenye udongo vigae vya vyungu vilivyovunjika, vimesuguliwa vikawa duara, vimetobolewa katikati. Ni magurudumu ya pia za kusokotea nyuzi. Chungu kikivunjika jikoni, mtu hakukitupa. Alichukua kipande, akakisugua kwenye jiwe mpaka kikawa mviringo, akakitia kijiti, akasokota uzi.

Huwezi kuokota kitu Songo Mnara, na mwongozaji alinikumbusha hilo kabla sijainama. Basi niliinama tu. Vigae viko kila mahali kwenye njia, vya China vyenye kijani cha majani machanga, na vya hapa, vya rangi ya udongo, vingi zaidi. Nilitafuta chenye tundu mpaka nahodha akapiga mluzi kutoka kwenye mikoko, kwamba tukikawia mashua itakaa juu ya tope.